Nchi ya Jijue na Vidole vya Sikudhani

Ipo nchi inaitwa Jijue, na anayebisha aende akaione mwenyewe, mradi akumbuke kutazama miguu yake njia nzima. Hii ni habari ya Sikudhani binti Mbaruku, msusi wa nywele wa Makorora, Tanga, aliyekwenda huko kutafuta vidole vyake. Naisimulia kama alivyoisimulia yeye, isipokuwa matusi, ambayo nimeyapunguza.

Sikudhani alikuwa amesuka vichwa kwa miaka ishirini na sita. Akimkalisha mteja katikati ya magoti yake, mdomo ulishika njia yake na mikono ikashika yake. Angeweza kusimulia ndoa nzima ya mtu, tangu posa hadi talaka, na akishusha pumzi kichwa kimekwisha. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ulilala miezi minne, na ulipoamka ulirudi na nguvu zake: ulinyanyua ndoo, ulisukuma mlango, ulifua. Ila kusuka ulikuwa umesahau. Akigawa nywele mafungu matatu, vidole vilisimama hapo hapo vikimngoja aviambie la kufanya, naye hakuwa na la kuviambia, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kuviambia kitu. Wateja walimwonea huruma wiki mbili, halafu wakahamia kwa jirani. Sikudhani alilia barazani, mchana, watu wakipita, wala hakujificha. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu kingine alichokipenda kama kichwa cha mtu mikononi mwake.

Akasikia redioni kwamba hakuna nchi inayojua mwendo wa mwili wa binadamu kama Jijue. Akafunga mzigo. Safari yenyewe haina maneno, alifika.

Langoni alimkuta askari mwenye daftari.

"Mama, umeingia kwa mguu upi?"

"Kwa yote miwili, mwanangu."

"Mmoja umetangulia. Upi?"

"Mimi nitajuaje?"

Askari akamtazama kwa masikitiko ya mtu aliyesoma. "Rudi nje, uingie upya ukiwa unajua."

Alirudi mara tano. Mara ya tano akatanguliza wa kushoto na kuutaja kwa sauti, lakini kwa kuukodolea macho akajikwaa kwenye kizingiti, akaanguka kifudifudi mzigo ukaruka kule.

"Vizuri sana," askari akasema, akagonga muhuri. "Umeanguka ukiwa unajua."

Inasemekana zamani watu wa Jijue walitembea kama sisi tu. Kisha wanazuoni wao wa ubongo wakagundua jambo ambalo ni la kweli kabisa, wala mimi silikatai: kwamba mtu akinyoosha mkono kuchukua kikombe hajui ni misuli ipi imevutwa na ipi imelegezwa, ubongo hupanga shughuli hiyo chini kwa chini bila kumshirikisha mwenye mkono. Wakagundua tena kwamba macho huletewa vitu elfu moja kwa mpigo, na mwenye macho akaona vichache tu, vile alivyovielekezea akili. Kwingine watu wangesema ajabu ya Mungu, wakaendelea na chai yao. Jijue walifedheheka. Bunge likakaa, likaona kwamba ni aibu kwa taifa huru kuendeshwa na kitu kisichojitambulisha, na siku hiyo hiyo ikapitishwa Sheria ya Kujua: raia yeyote asisogeze kiungo pasipo kukiangalia, na asikiangalie pasipo kukitaja.

Ndiyo maana mitaa ya Jijue ina mnong'ono usiokatika. "Goti, kunja. Kisigino, shuka. Kidole gumba, sukuma." Makarani wa Hatua husimama kwenye kona wakisikiliza. Kutoka sokoni hadi msikitini ni mwendo ambao mtoto wa Makorora angeukimbia akitafuna muwa. Huko watu huuanza baada ya kifungua kinywa na kufika adhuhuri, wale wanaofika. Wengine huanguka, maana goti likitazamwa sana hujisahau. Hospitali yao ina wodi saba za waliovunjika miguu, na Sikudhani alipomuuliza mwenyeji wake, mtu aliyepewa kazi ya kumtembeza, kama wodi hizo haziwafundishi kitu, mwenyeji alitikisa kichwa kwa uchungu.

"Zinatufundisha sana," alisema. "Watu wanavunjika hivi na huku wanaangalia. Hebu fikiria wasingeangalia!"

Alipelekwa bungeni, kwa kuwa wageni wote hupelekwa. Humo wabunge walikuwa wakijadili hoja moja kwa mwaka wa kumi na moja. Mashine za Jijue zilikuwa zimeonyesha kwamba mtu akiamua kuinua kidole, ubongo wake huwa umeshaanza maandalizi punde kidogo kabla yeye mwenyewe hajahisi kwamba ameamua. Wanazuoni waliopima jambo hilo walisema polepole kwamba bado hawajui maana yake. Wabunge walijua maana yake mara moja, wakagawanyika vyama viwili. Chama cha Nia Kwanza kilidai mashine ina haraka. Chama cha Mkono Kwanza kilidai binadamu ni abiria. Hoja ilishindwa kupigiwa kura, kwa sababu kura ya Jijue hupigwa kwa kunyoosha mkono, na kila mkono uliponyooshwa Spika aliuliza ni nani ameunyoosha.

Na wala msidhani haya yaliishia kwenye maneno. Nyuma ya bunge kuna gereza, na ukutani pa gereza Sikudhani aliona mtu amesimama nje, juani, mkono wake wa kulia umeingizwa kwenye tundu hadi begani, mkewe akimlisha uji kwa kijiko. Alikuwa amempiga shemeji yake kofi. Wakili akathibitisha kwa mashine kwamba mkono ulianza kabla ya mteja wake kuamua, na mahakama, ambayo ni ya haki, ikaufunga mkono miaka miwili na kumwachia mwenyewe huru.

"Anaweza kwenda popote apendapo," mwenyeji alisema.

"Kwa mkono gani?" Sikudhani akauliza.

Taasisi Kuu ya Mwendo ilimpokea kwa heshima kubwa. Mkuu wake, Profesa Mwinyimvua, alikuwa mtu mrefu mwenye plasta tatu usoni, mchache wa maneno, na aliyeamini kwa moyo safi kila alichokisema. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alimvalisha Sikudhani kofia yenye nyaya, akamkalisha mbele ya kioo kikubwa, akampa kichwa cha mwanasesere chenye nywele za katani.

"Tatizo lako ni dogo, Mama Sikudhani. Miaka ishirini na sita umesuka bila kujua. Vidole vimechoka kutojulikana."

"Profesa, mimi nilikuwa nasuka vizuri."

"Ulikuwa unasuka kwa bahati."

Basi akafundishwa. Kila asubuhi alitaja: gumba, shika, shahada, vuta, cha kati, pisha. Kila kidole kilikuwa na karani wake wa kukihesabu, makarani watano kwa mkono mmoja, na karani wa sita wa kuwahesabu makarani. Sikudhani alijitahidi, jamani alijitahidi, maana alikuwa na hamu ya kupona kuliko wote mle ndani. Wiki ya kwanza alifikia kusuka pingili mbili. Wiki ya pili moja. Wiki ya tatu akashindwa kufunga kifungo cha blauzi yake, kitu alichokuwa akikifunga bila taabu siku aliyoingia nchini. Alikitazama kifungo kile kwenye kioo, akaviita vidole kwa majina yao, navyo vikabaki vimekaa. Hofu ikamshika: alikuja kutafuta alichopoteza, sasa na kile kilichobaki kinakwenda.

Profesa alikuja na jedwali, uso ukimng'aa.

"Kabla ya kuja hapa ulikuwa unakosea mara ngapi kwa siku?"

"Sikuwa nahesabu."

"Na sasa?"

"Sasa siwezi hata kuanza."

"Maana yake makosa sifuri," Profesa akasema, akaandika, makarani wote sita wakapiga makofi, kila mmoja akitaja viganja vyake.

Aliyemwokoa hakuwa msomi. Kulikuwa na mfagiaji wa taasisi, Bi Mashavu, mwanamke wa rika lake, mnene, mwenye kitambaa kichwani. Sikudhani alimtambua siku ya ishirini na tatu kwa jambo moja: alikuwa anafagia huku anaimba kwa puani, na ufagio ulikwenda wenyewe.

"Dada, wewe hutaji?"

Bi Mashavu akacheka. "Nitaje nini? Mwaka wa kumi na tisa huu nafagia kati ya miguu yao. Hakuna aliyeniona."

"Na makarani wote hawa?"

"Hawa wameambiwa waangalie vidole vyako, wanaangalia vidole vyako. Juzi nimepita na meza kichwani. Meza, shoga! Karani akaniambia nisimzibe taa, hakuniuliza hata nabeba nini."

Makarani walipokwenda kula, safari iliyowachukua saa mbili kwa kuwa ukumbi wa chakula ulikuwa ng'ambo ya ua, Bi Mashavu alifunga mlango, akavua kitambaa. Nywele zilikuwa zimeshikana kama kamba za katani zilizolowa. Katika nchi ile hakuna aliyesukwa tangu sheria ipite. Msusi wa mwisho alikufa akitaja.

"Nishike tu kichwa," alisema. "Sikwambii unisuke. Nimesahau kuguswa kukoje."

Akaketi chini, katikati ya magoti ya Sikudhani, ambaye bado alikuwa na kofia yake ya nyaya. Sikudhani akaanza kuzifumua kwa mkono mzima wa kushoto, ule mwingine akiuacha ukae tu juu ya kichwa. Ili asilie, akauliza, "Hivi huyu Profesa ana mke?"

"We! Hujui?" Bi Mashavu akajiweka sawa. "Alimposa Bi Chausiku wa maktaba. Siku ya kumvisha pete, watu tumejaa, bwana akaanza: bega, nyanyuka, kiwiko, kunjuka, kiganja, geuka. Tukangoja. Tukala pilau, tukarudi, yuko kwenye kiwiko."

"Muongo wewe."

"Haki ya Mungu. Kulikuwa na fundi bomba mmoja ametoka nchi za nje, amekuja kutengeneza mifereji. Akamwonea huruma binti wa watu, akamshika mkono akamtoa nje apate hewa. Hewa hiyo mpaka leo wana watoto watatu."

Sikudhani alicheka mpaka machozi. Akauliza kama Profesa alisusa, akaambiwa hakususa, aliandika makala. Akauliza fundi bomba alikuwa mzuri wa sura, akaambiwa hapana ila alikuwa mwepesi. Wakaingia habari ya dada yake Chausiku, ambayo mimi hapa siwezi kuirudia, na walipofika kwenye sehemu yake mbaya zaidi Sikudhani akanyoosha mkono kutafuta fungu la nywele na asilipate.

Hakukuwa na fungu lililobaki upande ule. Nusu nzima ya kichwa cha Bi Mashavu ilikuwa imesukwa, mistari tisa, myembamba, imenyooka. Akaitazama mikono yake. Hapo hapo ule wa kulia ukasita, ukawa mgumu, akageuza uso haraka dirishani, akasema, "Endelea, shoga, endelea, dada mtu akasemaje?" na vidole vikalegea tena. Sikudhani aliniambia kwamba hata alipojifungua mtoto wake wa kwanza hakufurahi vile.

Furaha hiyo ilidumu hadi alasiri. Profesa aliingia ameshika mkanda wa karatasi kutoka kwenye mashine ya kofia.

"Kuanzia saa saba na robo uangalifu wako ulitoweka dakika arobaini. Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Mashine haikukuona."

Yeye na makarani wakautafuta uangalifu huo chumba kizima. Bi Mashavu alikuwa amesimama katikati yao na ufagio, nao wakimzunguka, mpaka mmoja alipomgonga, kitambaa kikamdondoka kichwani. Kelele iliyopigwa ilisikika hadi bungeni. Kamati ikaitwa.

"Nani aliyesuka kichwa hiki?"

"Mimi," Sikudhani akasema.

"Umesukaje?"

"Sijui."

Wanakamati waliinamisha vichwa, kila mmoja akitaja shingo yake. Katika Jijue neno hilo ni kukiri kosa. Adhabu ya kutenda bila kujua ni Chumba cha Kujitazama: vioo ukutani, darini na sakafuni, na mfungwa hukaa humo akielezea kila kiungo chake hadi atakapomaliza. Hakuna ambaye amewahi kumaliza. Sikudhani alielewa mara moja. Mwaka mmoja mle ndani, hata wiki moja, na vidole alivyovipata leo visingerudi tena maisha.

Profesa Mwinyimvua akaomba azungumze naye faragha. Alikuwa amejaa wasiwasi, na kusema kweli hakuwa mtu mkatili.

"Mama Sikudhani, mkono wako umepona?"

"Umepona."

"Na umepona ndani ya taasisi yangu, siku ya ishirini na tatu ya matibabu yangu."

"Umepona niliposahau matibabu yako."

"Hizo ni dakika arobaini," Profesa akasema kwa upole. "Mimi nina siku ishirini na tatu. Zile dakika tutaziandika hitilafu ya mashine." Akamsukumia karatasi. Ilieleza kwamba mgonjwa aliyepooza vidole alifundishwa kuviangalia na kuvitaja, akapona kabisa. Na chini palikuwa na nafasi ya jina lake. "Ukitia saini, hakuna kosa lililotendeka. Hakuna kesi. Utarudi kwenu."

"Na Bi Mashavu?"

"Kichwa chake kitakuwa matokeo ya utafiti. Matokeo hayafungwi."

Sikudhani aliishika kalamu. Aliwaza kuhusu wagonjwa wengine, hilo alikiri mwenyewe mbele yangu, aliwawaza. Aliwaza pia kioo cha sakafuni. Kisha akatia saini, na mkono ulikimbia vizuri, herufi zimelala upande mmoja kama zamani.

"Umetia saini ukijua?" Profesa akauliza, kwa kuwa sheria ilimtaka aulize.

"Najua," alisema. Na katika siku zote alizokaa Jijue, hilo ndilo jambo moja alilolifanya akijua barabara anachofanya.

Kibali cha kutoka kilichukua siku kumi na mbili. Ripoti ilichukua mbili. Ilisomwa redioni, ikachapishwa, ikavuka mipaka; bunge likaahirisha hoja yake likaipongeza. Katika siku hizo za kungoja alimalizia nusu ya pili ya kichwa cha Bi Mashavu, mlango ukiwa wazi, makarani wakiingia na kutoka, na kweli hakuna aliyeona kitu, kwa kuwa matokeo yalikwisha kuandikwa. Walipoagana walikumbatiana bila kutaja kiungo chochote.

Nje ya lango, kwenye benchi, alimkuta mwanamume amekaa akisubiri kufunguliwa. Alijitambulisha kuwa Mgaza, mpishi wa chapati kutoka Muheza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja.

"Nilikuwa nasukuma chapati mia mbili kwa asubuhi moja," alisema. "Sasa nikishika mti wa chapati, mkono unanitazama tu."

"Kaka yangu, una watoto?"

Akaeleza watoto wake, hasa binti wa pili ambaye amekataa shule anataka kuendesha lori. Aliongea kwa hasira na mapenzi, na kofia yake ilipopeperushwa na upepo aliidaka, akaikung'uta vumbi gotini, akaivaa tena, akaendelea na habari ya lori. Aliidaka kwa mkono wa kulia.

"Umeona?" Sikudhani akaruka. "Umeona ulichofanya? Kofia umeishika kwa mkono upi?"

Mgaza akautazama mkono wake uliokuwa bado kwenye ukingo wa kofia. Ukaanguka pajani.

"Si unaona mwenyewe?" alisema kwa huzuni. "Nikiuangalia, unaanguka. Ndiyo maana nakwenda nikaufundishe kuangaliwa."

"Usiende. Nakuomba. Mimi nimetoka humo, watakumalizia na huo uliobaki. Rudi kwenu, sukuma chapati huku unagombana na huyo binti, basi."

Mgaza akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgonjwa. Akatoa karatasi iliyokunjwa kutoka mfuko wa shati, akaifungua juu ya goti kwa mkono wa kushoto.

"Dada, hapa imeandikwa kila kitu. Yuko mwanamke wa Tanga, msusi. Alikuwa kama mimi. Kapona."

"Ni mimi huyo."

"Ni wewe?" Akamtazama, akaitazama mikono yake, na macho yakamjaa matumaini kiasi kwamba Sikudhani alitamani ardhi immeze. "Basi hii saini ni yako?"

"Ni yangu. Niliandika uongo, kaka. Niliandika ili nitoke."

Mgaza alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Mtu hawezi kuandika uongo kwa mkono mzuri hivi," alisema, akaikunja karatasi taratibu, akairudisha mfukoni upande wa moyo.

Lango likafunguliwa. Akasimama, akainamisha uso, akaanza kunong'ona. Sikudhani alimwita kwa jina mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ya kupasua koo. Mgaza hakugeuka. Alikuwa anaangalia goti lake.